Presha, Masikio na Vijiti vya Kiberiti: Mafunzo Niliyopata Nikimtunza Mama

Wilaya ya Hai, chini ya Mlima Kilimanjaro, wengi wanaijua kwa kahawa, ndizi na uwanja wa ndege wa KIA. Watafiti wa ubongo wanaijua kwa jambo jingine. Mwaka 2010 wahudumu wa afya walipita vijiji vyake wakawapima wazee 1,198 wenye miaka 70 na zaidi, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yakaonyesha kwamba katika kila wazee mia, sita hivi wana demensia. Mama yangu anaishi Machame, ndani ya wilaya hiyohiyo. Wakati huo hakuna ambaye angemtilia shaka: alikuwa akikumbuka madeni ya kila mtu kijijini.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia. Mama alipoanza kuugua nikaanza kusoma tafiti za ubongo usiku, madaftari ya wanafunzi yakisubiri. Mafunzo haya sikuyapanga kwa ukubwa, nimeyaandika jinsi yalivyonijia.

1. Uzee haumpotezi mtu njia ya kwake

Dalili za mwanzo hazikuwa za majina. Majina Mama ameyachanganya tangu tukiwa wadogo. Alikuwa akituita wote kabla ya kumfikia anayemtaka. Kilichotushtua ni mtori. Alichemsha nyama, akakoleza chumvi, akakaa anashangaa mbona hauwi mzito, na ndizi ziko palepale kwenye beseni hazijamenywa. Baadaye akatoa bahasha ya kanisani mara mbili Jumapili moja. Halafu siku moja akasimama kwenye njia ya kwenda kwake akiuliza inaelekea wapi.

Majirani walisema ni uzee, na hawakusema kwa ubaya. Watafiti waliowahoji watu wa Hai na kuchapisha mwaka 2014 waliyakuta hayohayo: wengi huichukulia demensia kuwa sehemu ya kuzeeka, kwa hiyo habari ya kwenda hospitali haiwaingii akilini.

Alois Alzheimer, daktari Mjerumani, alishatilia shaka fikra hiyo mwaka 1906, alipoeleza ubongo wa mgonjwa wake Auguste Deter, aliyelazwa Frankfurt akiwa na miaka 51 tu. Kwenye hadubini aliona mabonge nje ya seli na nyuzi zilizojisokota ndani yake. Leo mabonge yale tunayajua kuwa protini ya amiloidi, na nyuzi zile protini ya tau. Tunajua pia kwamba amiloidi huanza kujikusanya miaka kumi na mitano, hata ishirini, kabla mtu hajaanza kusahau. Nikihesabu kurudi nyuma, kwa Mama ilianza wakati yeye ndiye mweka hazina wa kikundi cha akina mama, na vitabu vyake havikuwahi kupishana hata shilingi.

2. Kipimo kizuri kinamjua anayepimwa

Vipimo vingi vya kumbukumbu vilitungwa kwa ajili ya watu waliokaa darasani. Mzee anaambiwa achore saa, anakili maumbo, ataje tarehe. Mama aliishia darasa la nne. Anaweza kushindwa kuchora saa na ubongo wake ukawa mzima kabisa.

Ndiyo maana nilifurahi kukutana na kipimo kiitwacho IDEA, ambacho kilitengenezwa hapahapa Hai kwa wazee wa namna yake. Hakina kalamu wala karatasi kwa anayepimwa. Mzee anaulizwa mwenyekiti wa kijiji ni nani, anataja wanyama kadiri awezavyo kwa dakika moja, anasomewa maneno kumi ayakumbuke baadaye, anapanga vijiti vya kiberiti kufuata mfano aliowekewa.

"Bibi, daraja ni kitu gani?" muuguzi alimuuliza.

"Kwani wewe ulifikaje huku bila kuvuka Kikafu?"

Muuguzi akacheka. Lakini kwenye wanyama Mama alitaja ng'ombe, mbuzi, kuku, kisha ng'ombe tena, na vijiti vya kiberiti alivikusanya akavirudisha kwenye boksi lake, akanikemea nisichezee vitu vya jikoni. Mpaka hapo nilikuwa bado na matumaini.

Wakati huohuo duniani kuna mbio za vipimo vya damu. Mei 2025 Marekani iliidhinisha cha kwanza kinachosaidia kutambua ugonjwa wa Alzheimer kwa watu wa miaka 55 na zaidi wenye dalili. Kinalinganisha aina ya tau iitwayo p-tau217 na kipande cha amiloidi. Kabla yake mgonjwa alihitaji picha ghali za ubongo au sindano ya kuchota maji ya uti wa mgongo. Ni hatua kubwa, na ningependa ifike Moshi kesho. Ila kipimo cha damu kinasema kama amiloidi ipo. Vijiti vya kiberiti vinasema kama Mama anaweza kuachwa peke yake na jiko la gesi.

3. Dawa mpya zipo kweli, ila shamba lisiuzwe

Binamu yangu aliyeko Marekani alituma ujumbe wa sauti: "Kaka, huku kuna dawa ya ugonjwa wa mama mkubwa. Tatizo ni hela tu." Ujumbe ukazunguka kwenye kundi la familia, na baba mdogo akaitisha kikao. Kihamba, shamba la ukoo, hakiuzwi, hilo halikujadiliwa. Ila kuna shamba la mahindi kule tambarare, na macho yote yakaelekea huko.

Nikaombwa nieleze. Dawa zenyewe ni Leqembi, iliyopata idhini kamili Marekani mwaka 2023, na Kisunla, iliyofuata mwaka 2024. Ni kingamwili zilizotengenezwa maabara. Zinainasa amiloidi na kuusaidia mwili kuiondoa kwenye ubongo. Kwa mara ya kwanza wanasayansi walipata dawa zinazogusa ugonjwa wenyewe, na kwa hilo wanastahili heshima.

"Kwa hiyo atanikumbuka?" baba mdogo akauliza.

"Hapana, baba. Ataendelea kusahau, ila polepole zaidi."

"Polepole kiasi gani?"

Hapo ndipo penye ugumu. Katika jaribio kubwa la Leqembi, lililohusisha karibu watu 1,800 kwa miezi 18, waliopewa dawa walidhoofika kwa asilimia 27 pungufu kuliko wasiopewa. Magazeti yaliishika asilimia hiyo. Kwenye mizani yenye alama 18 iliyotumika kuwapima, tofauti hiyo ni chini ya nusu alama, na kuna wataalamu wanaouliza kama mgonjwa au mlezi wake angeweza kuiona kwa macho. Katika jaribio hilo dawa iliingizwa kwa dripu kila wiki mbili. Bei iliyotangazwa ilipoingia sokoni ilikuwa dola 26,500 kwa mwaka, bila kuhesabu picha za MRI zinazorudiwa kuangalia kama ubongo umevimba au unavuja damu, madhara ambayo kweli hutokea. Na inawafaa walio hatua za mwanzo, ambazo Mama alishazipita. Mwaka 2025 hata taasisi inayoishauri huduma ya afya ya umma ya Uingereza ilipendekeza dawa hizi zisinunuliwe, kwa kuwa faida yake ni ndogo mno kwa gharama hiyo.

Shamba halikuuzwa. Binamu alinuna kidogo, kisha akaanza kutuma kila mwezi mshahara wa msichana wa kumwangalia Mama. Kwa maoni yangu huo umemsaidia kuliko dripu yoyote.

4. Presha haiumi, na huo ndio ujanja wake

Hili ndilo somo lililonikaa zaidi.

Mama alikuwa na dawa za presha kwa miaka mingi, ndani ya kopo la majani ya chai. Alizimeza kichwa kilipomuuma. Kisipouma, aliziweka akiba, na akina mama wenzake walifanya vivyo hivyo, wakati mwingine wakiazimana. Kwao kidonge ni cha maumivu, na presha haina maumivu.

Alipofanyiwa picha ya ubongo, daktari aliigeuzia skrini kwangu. "Mwalimu, hapa kuna mambo mawili pamoja." Ubongo ulikuwa umesinyaa upande wa kumbukumbu, sawa, lakini ndani zaidi kulikuwa na alama za viharusi vidogo vya zamani ambavyo hakuna mtu nyumbani aliyewahi kuviona. Hapakuwa na mdomo uliopinda wala mkono uliokufa ganzi. Kwa wazee wengi hali ndiyo hiyo: Alzheimer na ugonjwa wa mishipa ya damu vinakaa kichwa kimoja.

Ubongo ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini unatumia karibu asilimia 20 ya nishati yake, na yote inaletwa na damu. Aliyekulia Machame ataelewa haraka akiufikiria mfereji: maji yakishuka kwa kasi kupita kiasi kingo zinabomoka, na wa kwanza kukauka ni mwenye shamba la mwisho. Mishipa myembamba iliyo ndani kabisa ya ubongo ndiyo shamba la mwisho.

Ushahidi wa miaka ya karibuni ni mzito. Katika jaribio la Marekani liitwalo SPRINT, zaidi ya watu 9,300 wenye presha waligawanywa: kundi moja lilitibiwa kwa lengo la namba ya juu kuwa chini ya 120, jingine chini ya 140. Matokeo ya upande wa ubongo yalitoka mwaka 2019. Kwenye kundi la kwanza, hali ya kusahau inayotangulia demensia ilipungua kwa asilimia 19. Demensia yenyewe nayo ilielekea kupungua, ila jaribio lilisimamishwa mapema na tofauti haikutosha kuthibitisha.

Kisha mwaka 2025 yakachapishwa matokeo ya China, na haya ndiyo ningependa yasomwe Dodoma kwa sauti. Vijiji 326, watu karibu 34,000 wenye presha, miezi 48. Katika nusu ya vijiji, matibabu yaliongozwa na wahudumu wa kijijini wasio madaktari kamili. Walianzisha dawa na kuzirekebisha kwa kufuata mwongozo, wakawapa watu dawa za bei nafuu na mashine za kupimia nyumbani, na daktari akiwasimamia kwa mbali. Demensia ilipungua kwa asilimia 15 ukilinganisha na vijiji vingine. Wahudumu wa afya wa ngazi ya jamii tunao, na vidonge vyenyewe ni vya zamani, vya kawaida. Ningekuwa na kura moja tu kuhusu bajeti ya afya ya ubongo, ningeipigia hiyo kabla ya mashine yoyote ya picha.

Na haraka ipo. Uchunguzi wa kiharusi uliofanywa Hai na sehemu ya Dar es Salaam kati ya 2003 na 2006 ulionyesha kwamba, kwa umri ule ule, kiharusi kilikuwa karibu mara tatu zaidi mjini kuliko huku kwetu. Tangu hapo mji umetufuata: bodaboda zimetupunguzia miguu, na chipsi zimefika njiapanda.

Siku hizi vidonge vya Mama vinamezwa na chai ya asubuhi, kichwa kiume au kisiume. Namba za presha zinaandikwa kwenye daftari linaloning'inia jikoni. Kilichopotea hakitarudi, nalijua hilo, lakini daktari anasema kila kiharusi kidogo kinachozuiliwa ni miezi aliyoongezewa Mama ya kujua kijiko kinashikwaje.

5. Kabla ya kusema amesahau, hakikisha alisikia

Mtaalamu wa masikio alimtoa Mama nta iliyokuwa imeziba upande wa kushoto kabisa, na jioni ile akalalamika kwamba redio inapiga kelele. Redio ilikuwa palepale ilipokuwa siku zote. Sehemu ya "usahaulifu" wake ilikuwa maneno ambayo hayakumfikia.

Nta ni jambo dogo. Usikivu uliopungua kwa umri ndio mkubwa. Jopo la jarida la Lancet mwaka 2024 lilitaja mambo 14 ambayo, kama yangeweza kuondolewa yote, karibu asilimia 45 ya demensia duniani ingezuiwa au kucheleweshwa. Kupungua usikivu kumo kwenye yale mazito kabisa, sawa na lehemu mbaya kwenye damu. Elimu haba ya utotoni nayo imo, na niliposoma hapo nilimfikiria binti aliyetolewa shule darasa la nne ili kaka zake wasome.

Jaribio moja la Marekani la mwaka 2023 liliwapa wazee karibu elfu moja ama vifaa vya kusikia ama mafunzo ya afya. Kwa jumla, baada ya miaka mitatu, hapakuwa na tofauti. Ila kwa wale waliokuwa wazee zaidi na wenye vihatarishi vingi zaidi vya demensia, kudhoofika kwa akili kulipungua kwa karibu nusu. Watu wenye bidhaa za kuuza hutaja hiyo nusu wakaishia hapo. Mama tulimnunulia kifaa. Anakivaa akipenda mgeni aliyekuja.

6. Mkanda wa jeshi ulikuwa na siri

Huu ndio utafiti nilioupenda kuliko wote, nikaufundisha hadi kidato cha nne wakaniomba tuendelee kengele ilipolia.

Septemba 2013 Wales ilianza kutoa chanjo ya mkanda wa jeshi kwa wazee, na serikali ikaweka mpaka mkali wa tarehe: aliyezaliwa kabla ya Septemba 2, 1933 hapati maishani mwake, aliyezaliwa siku hiyo au baadaye anaweza kupata. Fikiria wazee wawili waliozaliwa wiki moja, mmoja upande huu wa mpaka na mwingine upande ule. Wanakula vyakula vilevile, wamesoma shule zilezile, wana presha zilezile. Kinachowatenga ni chanjo. Mtaalamu wa takwimu huomba kitu kama hicho maisha yake yote, na hapa karani wa serikali alimpa bure bila kujua.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walifungua kumbukumbu za matibabu za miaka saba iliyofuata, wakaeleza kwenye jarida la Nature mwaka 2025 kwamba waliochanjwa walipata demensia kwa asilimia 20 pungufu, na faida ilikuwa kubwa zaidi kwa wanawake. Sababu bado inabishaniwa. Kirusi cha tetekuwanga hujificha kwenye mishipa ya fahamu tangu utotoni na kuamka uzeeni kama mkanda wa jeshi. Huenda kuamka huko ndiko kunakoudhuru ubongo, au huenda chanjo inaichangamsha kinga ya mwili kwa ujumla.

Kwetu ugonjwa huu una historia ya aibu. Miaka ya tisini mkanda wa jeshi ulikuwa miongoni mwa dalili za UKIMWI, na aliyeupata aliuficha chini ya kanga hata kama hakuwa na UKIMWI. Bado ukiutaja mbele ya wazee unaona wanavyotazamana.

7. Usingizi: subiri kidogo

Mwaka 2012 kundi la mtafiti wa ubongo Maiken Nedergaard lilieleza njia ambazo maji ya ubongo hupitia yakisafisha taka, na mwaka uliofuata likaonyesha kwa panya kwamba usafi huo hushika kasi wakilala. Dunia nzima ikaimba: lala, ubongo ujioshe. Mwaka 2024 watafiti wa London wakapima kwa njia nyingine na kukuta kinyume, usafi unapungua panya wakilala. Bado wanabishana. Kulala ni kuzuri kwa sababu nyingine nyingi, na mlezi wa mgonjwa wa demensia hahitaji mwanasayansi amweleze hilo saa nane za usiku mama yake akitafuta mbuzi waliokwisha kuuzwa.

8. Lugha ya kwanza huondoka mwisho

Kiswahili cha Mama kinamtoka. Kinabaki Kimachame, na ndani ya Kimachame kinabaki cha utotoni, chenye maneno ambayo hata mimi nilipaswa kumuuliza mama mdogo. Hii huweza kutokea kwa wenye lugha mbili: iliyojifunzwa baadaye ikadhoofika kwanza. Msichana anayemwangalia ametoka Singida, na mwanzoni walikuwa wakitazamana tu. Sasa anajua kusalimia, kuuliza kuhusu njaa na choo, na matamshi yake yanamchekesha Mama mpaka machozi.

Hai kuna jambo jingine lililojaribiwa, tiba ya vikundi iliyotungwa Uingereza na kurekebishwa kwa mazingira yetu: vikao 14 kwa wiki saba, wazee wanaimba, wanashika vitu vya zamani, wanajadili chakula, wanacheza. Hakuna kidonge. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kumbukumbu na hali ya maisha vikiboreka. Sisi tunafanya cha nyumbani. Namwekea Mama buni, maharage na mbegu za mahindi kwenye ungo mmoja, azitenganishe. Buni hajawahi kuzikosea.

9. Wasiopimwa ndio wenye majibu

Mwaka 2001 watafiti waliwalinganisha Wayoruba wa Ibadan, Nigeria, na Wamarekani weusi wa Indianapolis. Ibadan, waliopata demensia kila mwaka walikuwa asilimia 1.35; Indianapolis 3.24. Jeni ya APOE4, inayoogopwa sana Ulaya kwa kuongeza hatari ya Alzheimer, ilionekana kuwa na nguvu ndogo kwa Wayoruba. Hata leo sababu haijakamilika, kwa kuwa Waafrika waliosomwa jeni zao ni wachache mno.

Na mwaka 2019 dunia ilimfahamu mwanamke mmoja wa Colombia. Ukoo wake una jeni inayoleta Alzheimer mtu akiwa na miaka arobaini na kitu. Yeye alikuwa nayo, na ubongo umejaa amiloidi, lakini hakuanza kusahau mpaka alipopita sabini. Walipochunguza wakakuta ana badiliko jingine adimu kwenye APOE, kwa nakala zote mbili, na sasa maabara zinajaribu kuliigiza kwa dawa. Alitoka ukoo wa watu wa milimani ambao daktari Francisco Lopera aliwafuata kwa miongo kadhaa. Najiuliza ni bibi gani wa Uru au Kibosho anayo ya kwake.

Juzi dada yangu wa Arusha alinipigia. Amesikia habari za kipimo cha damu na anataka sisi watoto tukapime, hata kama ni kwenda Nairobi. Nikamwambia kipimo kile kimeidhinishwa kwa wenye dalili, na yeye hana dalili zaidi ya kusahau siku zangu za kuzaliwa. Nikamuuliza presha yake ni ngapi.

"Presha? Mimi nina miaka hamsini na mbili tu," akasema, na hakuwa ameipima tangu alipojifungua kitindamimba, ambaye sasa yuko kidato cha pili.

Jioni akatuma picha kutoka duka la dawa: 158 kwa 96. Chini yake ameandika kwamba mashine yao ni mbovu. Kesho asubuhi anakuja Machame apimwe na ya Mama.